Wauza Gesi Watano wa Bibi Yangu

Nilimuahidi bibi yangu kwamba hatatolewa katika nyumba yake ya Ibra, hapa Oman, isipokuwa siku atakayotaka mwenyewe. Ahadi hiyo niliitoa mbele ya shangazi yangu, aliyekuja kutoka Muscat kutueleza kwa upole kwamba nyumba nzima kwa mtu mmoja ni israfu, na kwamba kwake kulikuwa na chumba tayari, chenye kiyoyozi. Bibi aliendelea kuchambua mchele. Nikajibu mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo Nizwa na kupata kazi huko huko.

“Shangazi, nipe mwaka mmoja. Nyumba hii nitaiendesha kwa gharama ndogo hata wewe utaona haya kuitaja.”

“Haya, msomi. Mwaka mmoja. Lakini likimfika lolote namchukua mama yangu, na usiniletee maneno.”

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu nchi ambako mtu hubadili kampuni ya umeme kila mwaka kama anavyobadili kalenda, na kila akihama hupewa bei ya kumkaribisha. Kwangu jambo hilo halikuwa la pesa tu, lilikuwa la maadili. Mteja anayebaki alipo kwa mazoea, nilikuwa nikiwaambia wenzangu ofisini, anawalea wavivu. Kwetu, hata hivyo, umeme hauna uchumba: kila upande una kampuni yake, nawe umeshaozwa kwayo tangu nyumba ilipofungwa mita. Kwa hiyo ari yangu yote ikaangukia kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, ambao peke yake ndio uliokuwa na uhuru wa kuchaguliwa.

Muuzaji wa bibi alikuwa bedui mmoja wa upande wa Mudhaibi, mtu wa makamo mwenye gari dogo la mizigo. Alipita kila Jumatatu, gesi iwe imekwisha au haijaisha. Alisimama mlangoni akaita “Hodi!”, neno pekee la Kiswahili alilolijua, alilofundishwa na bibi, kisha akaenda moja kwa moja mpaka jikoni. Aliutikisa mtungi kujua umebaki kiasi gani. Alipaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira aone kama kuna panapovuja. Akaokota tende moja sahanini, akaondoka nayo mdomoni. Hayo yote mimi niliyahesabu kuwa ni utovu wa nidhamu ya kazi. Isitoshe, mtungi wake ulizidi bei ya wengine kwa baisa mia mbili, sehemu moja ya tano ya riali.

Nikaachana naye kwa ujumbe wa simu, kwa Kiarabu fasaha, nikimshukuru kwa utumishi wake. Akanijibu kwa dua.

Katika miezi minane iliyofuata bibi alipata wauza gesi wapya wanne. Niliwaokota katika kundi la mtaa kwenye simu, ambamo kila mwenye gari alitangaza bei yake, na kila aliyeshusha nilimfuata. Niliyafanya hayo nikiwa Nizwa, baina ya kikao na kikao, kwa kidole kimoja, nikijiona mwanamageuzi.

Alhamisi moja nilifika Ibra mapema kuliko kawaida. Nikamkuta bibi jikoni, jasho linamtiririka, anageuza vitumbua. Kwenye jiko la pili palikuwa na dele la kahawa.

“Shikamoo, bibi. Kuna wageni?”

“Marahaba, mwanangu. Si huyu muuza gesi wako mpya.”

“Bibi, huyu anashusha mtungi, anakwenda zake!”

“Ndo mara yake ya kwanza kukanyaga mlango wangu. Nimpe mtungi mtupu kwa mkono mmoja, na mkono mwengine nisimpe kahawa? Ende akaseme hawa waliotoka Unguja hawajui mgeni?”

“Na yule wa mwanzo, mbona akila tende moja tu?”

“Yule mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani hapikiwi.” Akanitupia jicho. “Weye ndo unoniletea wageni. Mtu mzima mie nimekuwa kama mwenye harusi, kila siku napokea.”

Nilikaa chini nikapiga hesabu, kwa kuwa ndicho nilichofundishwa. Mchele wa vitumbua, iliki, sukari, tende zile nzuri zinazofichwa kwa ajili ya wageni, halua ya Nizwa niliyokuwa nikiileta mwenyewe. Na juu ya yote, gesi. Bibi alikuwa akichoma gesi ili kumkaribisha anayeleta gesi. Mtu mwingine angeacha pale pale. Mimi nilifikia uamuzi kwamba kasoro iko kwenye ukarimu usiopangwa, nikamshauri bibi kila muuzaji mpya ampe chupa ya maji.

“Chupa ya maji,” bibi akasema. Siku ile vitumbua vyangu vilikuwa viwili tu.

Jambo ambalo sikuliuliza, kwa kuwa halikuwemo katika jedwali langu, ni mtungi ulikuwa ukifikaje jikoni tangu nilipomwacha yule wa Mudhaibi, aliyekuwa akiuingiza mwenyewe. Mwanamke aliye peke yake hamwingizi mwanamume asiyemjua ndani ya nyumba, na mwanamume mwenye adabu hangojei kuambiwa. Wale wanne wote walikuwa na adabu. Walikunywa kahawa yao mlangoni, wakauacha mtungi nyuma ya geti, wakaaga. Kutoka hapo hadi jikoni ni uwanja mzima na ngazi mbili. Bibi, aliyekwishapita miaka sabini, alikuwa akiuinamisha mtungi na kuuviringisha kidogo kidogo, akipumzika katikati. Hakuwahi kuniambia.

“Ungesikitika,” alinieleza baadaye, “na ulikuwa umefurahi mno na bei zako.”

Mtungi wa yule wa tano ulimponyoka kwenye ngazi ya pili, ukamwangukia mguuni. Jirani alisikia ukelele, akampeleka hospitali. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Shangazi alinitangulia kufika, ingawa ametoka mbali kuliko mimi. Nami njia nzima kutoka Nizwa nilikuwa nikipanga utetezi.

“Msomi,” akaniuliza mlangoni mwa wodi, “umeokoa kiasi gani?”

Jibu nilikuwa nalijua mpaka baisa ya mwisho.

Bibi alikuwa kitandani, mguu umefungwa, akitutazama kama watoto wanaogombea kigoda.

“Mwache kijana,” akamwambia shangazi. “Nakuja kwako. Nimetaka mwenyewe.”

“Bibi, si kweli.”

“Nimetaka mwenyewe, nimesema. Nyumba imenichosha.”

Nyumba ile haikuwahi kumchosha hata siku moja. Alisema vile ili ahadi yangu isivunjike, nami, mtu wa maadili, nikamwacha aseme.

Wiki ile nilimpigia simu yule muuzaji wa Mudhaibi. Sijui nilitaka nini kwake, labda anitukane. Kwanza akamshukuru Mungu kusikia kwamba bibi yu hai.

“Nilikuwa nikipita Jumatatu,” akasema, “nikipunguza mwendo mbele ya mlango. Nilidhani mmeshamhamisha. Yuko wapi sasa?”

“Muscat. Ghorofa ya tatu.”

“Na gesi nani anampandishia?”

Nikamwambia kwamba kule wanapikia umeme. Akamwombea dua, na safari hii mimi sikuwemo.

Mguu umepona. Bibi ana chumba chenye kiyoyozi, na jikoni kwa shangazi kuna mpishi, kwa hiyo haruhusiwi kushika mwiko. Hajaomba kurudi, mtu aliyesema ametaka mwenyewe hawezi kuomba. Mimi huenda Ibra mara moja kwa mwezi kufungua madirisha. Bili ya umeme haijawahi kuwa ndogo kama sasa, na gesi haitumiki kabisa.

Wewe unayesoma, ikiwa una mzee anayekaa peke yake, nakuomba jambo moja. Kabla hujambadilishia mtu anayeingia jikoni kwake, nenda ukae naye siku anayokuja mtu huyo, uone kwa macho yako anafanya nini. Kisha muulize mzee mwenyewe, na akisema abaki, abaki.