Kanuni ya Nne Niliyoiandika Mwenyewe

Chekeni kwanza mmalize, mimi nitasubiri. Najua hii habari kila mtu hapa Babati ana namna yake ya kuisimulia, na juzi tu muuza nyanya mmoja pale Nangara, mama wa watu ambaye simjui kabisa, aliniangalia nikichagua nyanya akaniuliza, "Samahani baba, si wewe yule wa maziwa?" Nikaona basi, bora niseme mwenyewe, kama aibu ni yangu na maelezo yawe yangu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mtu akishafundisha hisabati miaka kumi na minne anakuwa mgonjwa wa kanuni (mke wangu ndiye anayesema hivyo, mimi naona ni utaratibu). Sasa tuko watu kama tisa wenye magari ya kawaida, tukaanzisha mchezo wa kuzunguka madumu. Aliyeuleta ni Hamisi, mwenye duka la vipuri, aliuona kwenye simu, kwamba huko kwa wenzetu wanapanga koni uwanjani, gari moja moja linapita katikati yake huku mtu ameshika saa, na anayemaliza haraka bila kugusa kitu ndiye mshindi. Sisi koni tungezitoa wapi, tukajaza mchanga kwenye madumu ya mafuta ya kula, tukaomba uwanja wa mnada wa ng'ombe siku isiyo ya mnada, tukapewa. Mimi nikachaguliwa katibu, na mkaguzi pia, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kanuni nikaziandika nne. Ya kwanza, gari lishindane kama linavyokwenda sokoni, yaani lile lile la kila siku. Ya pili, usiguse springi, eksozi wala injini, tusije tukashindana mifuko badala ya mikono. Ya tatu, unaruhusiwa pedi za breki, oili, upepo, na matairi ya ukubwa ule ule lililokuja nao. Ya nne, na hii niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: kitu chochote kisichofungwa kitolewe ndani ya gari kabla ya kuanza, na atakayekutwa nacho matokeo yake yanafutwa.

Msidhani nilikuwa natafuta ushindi (zawadi yenyewe ilikuwa sufuria, Hamisi aliitoa). Nilikuwa namtafuta mama mkwe wangu. Miaka miwili nyuma nilimchukua kwake Mutuka tukawa tunakwenda kwenye kipaimara cha mjukuu upande wa Bonga, nikataka aone kwamba binti yake ameolewa na mtu anayejua gari, nikaikata kona kwa mbwembwe, mbele punda, tukaingia kwenye alizeti za watu. Hakuna aliyeumia. Mama akashuka, akajipangusa, akafunga kitenge chake vizuri, akatembea kwa miguu mpaka kanisani, na tangu siku ile hajakanyaga gari langu. Wala hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliyoniuma, maana mtu akikugombeza utaomba msamaha yaishe, asipokugombeza unaanzia wapi?

Na sasa macho yake yameingia mtoto wa jicho, ameandikiwa upasuaji Jumatatu, hospitali yenyewe mbali, saa tatu za barabara ya vumbi. Akasema atakwenda na basi. Mke wangu, Mama Janeth, aliacha kukoroga uji akaniambia, "Baba Janeth, mama yangu haoni hata ngazi ya basi." Wote tulijua ni kosa la nani. Ndipo nikapata wazo. Jumamosi aje uwanjani, aone kwa hayo macho yaliyobaki, mkwe wake anavyopita kati ya madumu ishirini asiguse hata moja.

Wiki nzima nikaliandaa gari, na niliandaa ndani ya kanuni, nawaapia. Ni kagari kadogo keupe, kananipeleka kazini na kubeba pumba za kuku. Nikaweka pedi mpya, oili mpya, matairi manne ukubwa ule ule (nilipima kwa rula, Hamisi shahidi), betri nikaikaza isicheze. Hamisi alinishawishi sana ninunue springi fupi, gari lilale chini, nikamwambia asome kanuni ya pili. Jumamosi asubuhi nikatoa tairi la akiba, jeki, mazulia, mwavuli, kitabu cha nyimbo, na biskuti za Janeth chini ya siti ambazo zilikuwa zimeshakuwa mawe. Nikaliosha ndani na nje, nikaliacha uani milango yote minne wazi likauke, nikaingia kuoga.

Natoka, mama mkwe ameshafika na bajaji, amekaa kwenye benchi anakunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Janeth. Gari limetakata."

Jamani, miaka miwili hajalitaja gari lile. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga vifungo vya shati, nikaenda nikapiga mlango, pa, pa, pa, pa, yote minne, bila kuchungulia ndani. Mama na mke wangu wakatangulia na bajaji, mimi nikafuata peke yangu taratibu kabisa, mwendo wa harusi, kwa sababu nilikuwa naogopa kuchosha matairi kabla ya kazi.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea, na wanafunzi wangu safu nzima ya mbele. Nikatoa karatasi ya kanuni, nikaanza kukagua, na sasa nasema ukweli, nilikagua kwa maringo. Hamisi nilimkuta na kalamu ya wino kwenye mfuko wa mlango, nikamsomea kanuni ya nne kwa sauti mbele za watu, akaitoa. Mzee Tluway, dereva mstaafu, mtu aliyeendesha lori kabla mimi sijajua kutembea, alikuwa na kopo la ugoro pembeni ya breki ya mkono.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "hili ni kopo la ugoro tu, litamdhuru nani?"

"Mzee wangu, leo tukiruhusu kopo, kesho mtu ataleta ndoo."

Wanafunzi wakacheka, nami nikajiona nimesema kitu. Nikamrudisha mzee wa watu mwisho wa foleni. Hamisi, aliyekuwa anaandika majina, akaniuliza, "Na lako Mwalimu, nani analikagua?" Nikamjibu bila hata kugeuka, "Langu nimelitoa kila kitu asubuhi, andika safi." Akaandika safi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, hapo kwenye neno moja, na ile karatasi ninayo mpaka leo.

Zamu yangu ikafika. Nikamwona mama kwenye kiti cha plastiki, ameinua uso, anasikiliza zaidi ya kuangalia. Nikaondoka. Madumu manne ya kwanza nilipita kama maji, kushoto, kulia, kushoto, kulia, nasikia makofi. Kwenye la tano nikasikia kitu kimefanya "tuf" nyuma ya mgongo wangu, nikadhani ni shokomzoba, nikasema nitaangalia baadaye. Kwenye la nane ikanijia harufu ya mtindi, nikajiuliza ni nani anakunywa mtindi juani na harufu inafika huku. Kwenye la kumi na mbili miguu ikaanza kupata baridi (fikirieni, jua la saa nane, miguu baridi), na mimi bado napiga kona, kila kona kitu kinabingirika nyuma, kwalang'a, kwalang'a, nikawa natazama kioo naona siti tu.

Mwisho wa njia kuna mraba wa chokaa, unatakiwa usimame ndani yake. Nikakanyaga breki, mguu ukateleza ukaangukia pembeni. Nikakanyaga tena, ukateleza tena. Nikachungulia chini na kuona maziwa. Maziwa mgando, yamejaa sakafu, na kila nikipunguza mwendo yanatoka chini ya siti yanakuja mbele kunikuta. Nikapita mraba, nikalibeba dumu la mwisho chini ya bampa, nikavuta breki ya mkono, na gari likajizungusha likaenda kuingiza pua kwenye lundo la samadi pembeni ya uwanja, upande usio na watu, namshukuru Mungu.

Nikafungua mlango na maziwa yakatangulia kushuka.

Hamisi alikuja mbio kuona kama nimeumia, akaona sijaumia, akafungua mlango wa nyuma. Pale chini, nyuma ya siti yangu, ndoo nyeupe ya lita kumi imelala kifudifudi, na kitenge cheusi kilichokuwa kimeifunika kimelowa chapachapa. Akapita Mzee Tluway na fimbo yake, akainama, akaangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Mwalimu," akasema, "kumbe kesho imewahi kufika."

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hamisi akatoa karatasi yangu, akaisoma kanuni ya nne kwa sauti ile ile niliyomsomea yeye, pole pole, mpaka ule mstari mwekundu akasema "mstari mwekundu". Matokeo yamefutwa. Nyani haoni kundule, lakini la kwangu lilionwa na wanafunzi wa kidato cha pili wote.

Ningenyamaza pale, leo ningekuwa na aibu moja. Mimi nikapandisha hasira. Nikajua ni Hamisi amenihujumu kwa sababu ya kalamu yake, nikaanza kupayuka, nani ameweka hii ndoo kwenye gari langu, mtu gani huyu hana akili, mtu mwenye akili timamu anawekaje maziwa nyuma ya dereva, ajitokeze kama ana haya. Nilisema vyote hivyo, kwa sauti ya darasani.

Na kutoka kwenye viti ikaja sauti ndogo. "Ni mimi, Baba Janeth."

Sijui kama mmewahi kutamani ardhi ipasuke. Mimi nilitamani ipasuke na lile lundo la samadi linifuate. Mama mkwe akanyanyuka, mke wangu akamshika mkono, wakaja mpaka kwenye gari, na mama akapapasa mlango kwa kiganja mpaka akajua yuko wapi. Nikavua kofia. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nisamehe kwa haya, na nisamehe kwa yale ya alizeti, sikuwahi kukuomba." Katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo pekee sioni haya nalo.

"Umeita watu," akaniambia. "Mtu haiti watu akawaacha na koo kavu. Nikakuta gari liko wazi, nikaweka maziwa. Mfuniko niliuweka tu juu, sikuukaza."

"Kwa nini hukuukaza, mama?" mke wangu akauliza.

"Nilitaka nijue. Nikasema, yakifika uwanjani hayajamwagika, nitarudi nyumbani na gari, na Jumatatu nitakwenda na gari. Yakimwagika, nitapanda basi."

Mimi nikaangalia maziwa yanavyoingia kwenye samadi. "Yamemwagika, mama."

"Yamemwagika hapa kwenye michezo yenu. Njiani hayakumwagika. Yangemwagika njiani ungeshuka na soksi zimelowa. Uliposhuka nilimwuliza mkeo, miguu ya Baba Janeth ni mikavu? Akasema mikavu."

Mama Janeth akafunika mdomo. Aliniambia baadaye kwamba alilijibu lile swali akidhani ni uzee.

Tulilisukuma gari watu sita, Hamisi akiwa wa kwanza (nilimwomba msamaha hapo hapo tukiwa tunasukuma, akasema nimnunulie kalamu). Mzee Tluway akaenda kukimbia zamu yake, wa mwisho kwenye foleni, akashinda sufuria. Halafu mama mkwe wangu akafunguliwa mlango wa mbele, akaingia, akakaa, akaziba pua kwa pembe ya kitenge. Lile gari lilikuwa linanuka mpaka mbwa wanatufuata. Akasema, "Twende mwendo ule wa maziwa." Tukaenda, madirisha yote wazi, Mama Janeth nyuma analia na kucheka kwa pamoja.

Ukaguzi nimejiuzulu. Siku hizi anakagua Mzee Tluway, anaanza na langu, na anatia kichwa mpaka chini ya siti makusudi watu waone. Nimeapa sitawasha tena gari kabla sijafungua milango yote minne na kuangalia kwa macho yangu, na sitamsomea tena mtu kanuni ambayo mwenyewe sijaipitia.

Jumapili mama alikuja kulala kwetu, na Jumatatu alfajiri nikaifungua milango yote minne. Nyuma ya siti ya dereva kulikuwa na ndoo, safari hii ya bluu. Nikaugusa mfuniko kwa kidole, ukacheza. Sikuukaza. Nikafunga mlango polepole, nikamwita mama tuondoke.