Mti Mmoja Katikati ya Vyuma

Ludwik Gomola alikuwa mwoga, wala hakuwahi kulikana hilo. Baba yake alifukiwa katika mgodi wa makaa ya mawe huko Silesia, Poland. Baada ya vita Ludwik akajikuta Yorkshire, Uingereza, akichimba makaa yaleyale chini ya mwamba mwingine.

Mwaka wa 1953 mgodi ulileta nguzo za chuma za kushikilia mwamba wa juu, badala ya miti. Kila alipomaliza kusimamisha zake, Ludwik alichomeka katikati mti mmoja wa msonobari. Chuma hakisemi kitu; mti hulia kabla ya kuvunjika. Wenzake walicheka, wakaligeuza jina lake likawa neno la kuelezea vitu. Mkate uliofungwa karatasi mbili ulikuwa mkate wa Kigomola. Aliyevaa sweta mbili alivaa Kigomola. Maana yake ilikuwa woga.

"Gomola, huyo mchumba wako wa mti humwachi nyumbani?" Arnold Pickersgill alimtania.

"Anaogopa kulala peke yake," Ludwik alijibu, wakacheka tena.

Jumanne moja msimamizi wao, Bwana Harker, aliupiga teke ule mti. "Ung'oe! Unatuzibia njia. Nikirudi niukute, kesho utafute kazi kwingine." Akaenda zake.

Ludwik alishika shoka. Hata nyumba walimolala mkewe Marta na watoto ilikuwa ya mgodi. Akainua shoka, akalishusha. Akaliinua tena. Ndipo mti ukalia: mlio mwembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Tokeni! Tokeni!" alipiga kelele kwa Kipolandi, maana Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Hawakuelewa neno, ila waliuona uso wake. Arnold akatupa koleo, wakakimbia wote sita. Nyuma yao mwamba wa juu ukashuka, na upepo wa vumbi ukawabwaga kifudifudi.

Waliinuka, wakapanda mpaka wakaliona jua. Huko juu Harker alimtazama Ludwik, akavua kofia, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo neno likageuka. "Huko ndani ni kwa Kigomola?" watu waliuliza kabla ya kushuka, hata Harker mwenyewe, wakimaanisha kuko salama. Ila Ludwik hakupumzika. Zamani aliogopea roho moja, yake. Sasa alipoinua kichwa tu wakati wa kula, wenzake watano waliacha kutafuna, wakamkodolea macho, wakingoja kujua kama wakimbie.