Karatasi ya Pembeni

Kila nikifungua sanduku la karatasi kuukuu katika chama chetu cha nasaba hapa Amu, harufu ya kafuri hunitia hasira. Nilipokuwa mtoto, Bibi alinituma nikazamishe baharini kurasa za msahafu zilizochakaa, zisije zikakanyagwa. Nikabeba na karatasi ya pembeni mwa sanduku lake lililonukia kafuri. Ilikuwa na herufi za Kiarabu, nikadhani ni aya. Wino ukavuja majini kama chai.

"Wewe mwana wewe! Umewatosa wazee wetu wote!" Bibi akashika kiuno, akacheka. "Haya, keti nikutajie majina ya nasaba yaliyokuwemo, uandike."

"Kesho, Bibi. Nataka kucheza."

Aliishi miaka mingi baadaye, majina yote kichwani. Sikuketi. Mjinga mimi! Leo ninajitolea kuandika nasaba za wenzangu, na ya binti yangu inakomea kwa Bibi.