Nilivyoshikwa na Mgambo Uwanja wa Gofu Lushoto, Wakidhani Tunawaonyesha Mamluki Njia

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba. Walionizidi umri, kama bado mpo humu, shikamooni.

Juzi mdau mmoja kauliza kama gofu ina hatari yoyote. Watu wakamcheka. Mimi sikucheka.

Haya yalinikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite kushoto.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa karani wa misitu pale Lushoto, kijana mbichi kutoka Lukozi, mtoto wa Elia, mzee wa kanisa la Kilutheri.

Juu ya mji, ukingoni mwa milima, palikuwa na hoteli ya wageni. Meneja alikuwa mzee wa Kiskoti, tukimwita Bwana Maki. Alisema kwao gofu wanachezea kando ya bahari, kwenye mchanga na majani mafupi, mti hakuna, ni upepo tu. Uwanja wa namna hiyo wanauita links.

Sisi bahari hatuna. Basi akachagua ukingo wenye upepo, nyika ya Mkomazi imelala kule chini, akachimba mashimo yake sita.

Akanifundisha. Nikanogewa, wakuu! Lakini nyumbani sikusema. Jumamosi asubuhi niko shamba la ujamaa na wenzangu, mchana niwaambie nini? Kwamba naenda kukimbiza kijipira kwa fimbo?

Sasa kumbukeni hali ya wakati ule. Redio inatuambia tuwe macho, mamluki wa mabeberu wanaweza kushuka popote. Kila kijiji kina mgambo. Mgeni akiuliza njia tu, anahojiwa. Ilikuwa tensheni si ya kitoto.

Na ukungu wa Usambara mnaujua. Kwa kuwa mipira ilikuwa inapotea, Bwana Maki akaweka bendera mpya nyekundu kwenye mashimo, kisha akachora mishale mikubwa ya chokaa kwenye majani.

Mnaanza kuelewa? Mzungu, mishale, bendera nyekundu, na uwanja mpana usio na mti.

Jumamosi moja tuko shimo la nne, ukungu umefunga, nikasikia, "Simama! Mikono juu!"

Wakatokea watu na mapanga na virungu, mmoja ana bunduki. Kiongozi wao nilimfahamu. Alikuwa Mzee Hoza, jirani yetu wa Lukozi. Moyo ukatulia kidogo, nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

Hakuitikia.

Wakuu, kwetu mzee akiinyamazia shikamoo yako ujue ameshakutoa kwenye hesabu ya watu.

"Mwana wa Elia," akasema, "ndege inatua saa ngapi?"

"Ndege gani, baba?"

"Hii mishale inamwonyesha nani njia? Mimi?"

Bwana Maki akaanza kueleza kuwa ni mchezo, akaambiwa anyamaze. Kamba zikatolewa. Tulikuwa tupelekwe wilayani tumefungwa, tukipita katikati ya soko, na habari zifike kwa baba kwamba mwanaye ameuza nchi.

Ila sikuiogopa kamba kama nilivyomwogopa yule wa bunduki. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi, na kidole chake hakitoki kwenye kifyatulio.

Mzee Hoza akasema, "Kama ni mchezo, cheza tuone."

Shimo lilikuwa hatua chache tu. Nikaivuta fimbo nyuma kidogo, chini chini, nikasikia bunduki inakokiwa mgongoni kwangu. Baridi yote ile, na jasho linanitiririka. Nikapiga nimefumba macho.

Mpira ukapita pembeni.

"Hajui huyu!" mmoja akasema. "Ni uongo!" Kamba ikazungushwa mikononi mwangu. Nililia, wakuu. Karani wa serikali, nililia mbele za watu.

Mzee Hoza akaiokota fimbo. "Kazi yenyewe ndiyo hii tu?"

Akapiga, akakosa. Akaurudisha mpira, akakosa tena. Mara ya tatu ukazunguka mdomo wa shimo ukakataa kuingia. Akautukana kwa Kishambaa, matusi ambayo mods hawataniruhusu kuyaandika, akaupiga kwa kofia yake.

Mara mmoja wa wale waliokuwa wananifunga akasema, "Baba, kidogo kushoto."

"Hapana, punguza nguvu," akasema mwingine.

Mzee akawatazama, akautazama mpira, akanitazama mimi. "Mfungueni. Huu ni mchezo."

Bendera ziling'olewa palepale, na mishale tukaifuta kwa majembe, mimi na Bwana Maki na mgambo wote.

Tukiteremka, Mzee Hoza akaniweka kando. "Kwa nini hukutuambia nyumbani kwamba unacheza kitu hiki?"

"Niliogopa mtanicheka, baba."

"Kuchekwa na kupigwa risasi, kipi afadhali? Yule kijana nilishampa amri. Ungeinua ile fimbo juu ya bega, alikuwa apige."

Nilikaa chini barabarani. Yeye akanisubiri mpaka nikaweza kusimama.

Funzo langu ni hili: jambo lako usipolitaja mwenyewe, majirani watalitafutia jina, na jina lenyewe linaweza kukuua. Siku hizi hata nikienda kuvua samaki bwawani, balozi wangu anajua.

Mliowahi kukutana na mgambo enzi zile, shusheni yenu hapa. Na wewe unayemficha mkeo jambo la heri, leo mwambie.