Siku Tuliyopanua Lango

Juzi hapa Naro Moru jirani alikuwa akipogoa ua wake wa kayaba, na harufu ya majani mabichi ikanirudisha kwetu Gakindu.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, majirani walikuja na mapanga na majembe, wakafyeka nyasi, wakakata ua na kupanua lango.

"Mbona mnatengeneza boma?" nilimuuliza shangazi.

"Mama yako anarudi nyumbani kesho," alisema bila kunitazama.

Nilipaka chokaa mawe ya njiani, nikayapanga na kuyapanga tena, maana hata wakati huo kitu kilichopinda kilininyima raha.

"Huyu fundi tutamlipa nini?" mzee mmoja alitania. Hakuna aliyecheka.

Nilipotaka kupanda maua katikati ya uwanja, shangazi alinishika mkono. "Hapo wacha, Wangari. Hapo ni pa hema." Nikadhani ni sherehe.

Sasa najua lango hupanuliwa ili gari la maiti lipite. Kesho yake lilipoingia, nilikimbia kando yake nikichungulia dirishani, nikimtafuta Mama kwenye viti vya mbele.