Kikohozi cha Watu Wawili Chamfikisha Fundi Bomba Muyinga

Saa mbili asubuhi, Sudi amepiga magoti katika bafu la nyumba ya wageni mjini Muyinga, msumeno mkononi, kitambaa kimeziba pua na mdomo. Anakata kipande cha bomba kilichozibwa ukutani. Maji yanayochuruzika ni ya uvuguvugu, yana utelezi na rangi ya chai.

"Hii bomba ni mi niliiweka," anasema bila kuinua macho.

Fundi huyu wa Musinzira, Gitega, mwenye miaka 41, ana wivu na wala hafichi. Mkewe, Aisha, huuza vitenge, na kila wiki alikuwa akilala hapa kununua mzigo. Hapahapa hulala Houssein, mfanyabiashara mwenzake, mtanashati wa kunukia marashi. Sudi aliyachukia hata hayo marashi.

Mwezi Machi Aisha alilazwa siku tisa kwa homa ya mapafu. Siku ya tatu habari ikaja kwamba Houssein naye kalazwa, ugonjwa uleule.

"Bibi yangu iko anakohoa, Houssein iko anakohoa, mi nalala na bibi kitanda kimoja niko mzima. We ungefikiri nini?"

Alichofikiri alikitamka wodini, mbele ya wagonjwa. Aisha, oksijeni puani, aligeukia ukutani. Alipopona alikwenda kwa dada yake, na hajarudi.

Daktari ndiye aliyemzindua Sudi. Ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizwi mtu kwa mtu; ingekuwa hivyo, Sudi ndiye angetangulia kuugua. Bakteria wake, legionela, hustawi katika maji vuguvugu yaliyotuama bombani, na mtu huwavuta pamoja na matone madogo anapooga. Kisha akauliza: wote wawili walioga wapi?

Sudi alikumbuka nyumba ya wageni. Mwaka jana aliondoa bafu moja pale, akaziba bomba lake na kuliacha ukutani na maji ndani. Tangi la maji moto nalo akaliweka nyuzi arobaini, kuokoa umeme. Leo analipandisha kupita sitini.

Aisha ametoa sharti moja: "Ulinitukana mbele ya watu. Kamuombe Houssein samahani mbele ya watu, ndiyo nirudi."

Sudi ananawa, anavaa shati safi. Duka la Houssein liko sokoni Gitega, na Ijumaa anataka mkewe awe nyumbani.

"Nitaomba samahani, wallahi," anasema, akifunga kifungo cha mwisho. "Halafu nitamuuliza: kununua vitenge, marashi ni ya nini?"