Alikwenda Kung'oa Jino, Akakutwa na Mshipa wa Moyo Uliokaribia Kuziba

Saa sita mchana mjini Paysandú, nchini Uruguay, Nélida Bentancor anasogeza makaa chini ya mbavu za ng'ombe katika kibanda chake cha nyama choma. Mteja mmoja analalamika kwamba amecheleweshwa.

"Ukitaka mbichi, kamng'ate ng'ombe malishoni!" anamjibu, na kibanda kizima kinaangua kicheko.

Ukimwona hivi, huwezi kuamini kwamba majira ya baridi yaliyopita moyo wa mama huyu wa miaka hamsini na sita ulisimama kabisa.

Mambo yalianza na taya. Maumivu yalipanda hadi sikioni, na jasho likamtoka asubuhi ya baridi kali. Nélida akakata shauri: gego limeoza, ling'olewe.

Daktari wa meno alimtazama usoni, akaweka vifaa chini.

"Mama, jino hili siligusi. Usiinuke hapo, naita gari la wagonjwa."

Hospitalini aliambiwa kwamba mshipa mmoja wa moyo umekaribia kuziba.

"Nilishtuka! Nilijua moyo huuma kifuani," anasema. "Kumbe unaweza kulilia menoni!"

Daktari wa moyo hakumficha kitu. Mafuta yalikuwa yamejijenga mshipani kwa miaka mingi. Sigara alianza kuvuta akiwa msichana, shinikizo la damu hakulitibu, na baba yake naye alikufa ghafla kwa moyo. Wangepitisha mrija mwembamba kutoka mkononi hadi moyoni, wapanue mshipa kwa puto dogo, kisha waache humo kijibomba cha wavu wa chuma. Lakini damu inaweza kuvuja, mshipa kuchanika, figo kuumia. Wachache hufa.

"Daktari, unanitibu au unanizika?"

"Nakwambia ukweli, mama. Ukikaa hivi hivi, hatari ni kubwa zaidi."

Alikubali, na siku chache baadaye akarudi nyumbani akitembea. Alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande ndani ya kijibomba, akaonywa asiviache hata siku moja. Ila fizi zilianza kutoka damu na mikono ikajaa madoa ya zambarau. Akaviacha kimyakimya.

"Dada, dawa umekunywa?" mdogo wake, Zulma, alikuwa akimuuliza kila asubuhi.

"Nimekunywa, polisi wangu."

Haikupita wiki, akaanguka kando ya jiko. Damu ilikuwa imeganda ndani ya kijibomba. Madaktari wakiwa katikati ya kuufungua mshipa tena, moyo ukasimama, wakaushtua kwa umeme hadi ukarudi.

"Nilisikia mtu akisema, 'Anatuponyoka,'" anasimulia, sauti imeshuka. "Nikajiuliza, nani huyo maskini? Kumbe ni mimi!"

Zulma, anayekata mkate pembeni, anafuta macho kwa kiwiko. "Ningejua unanidanganya, ningekushindilia vidonge kooni."

Sigara Nélida ameziacha. Vidonge anavinywa mbele ya Zulma, na fizi zikitoka damu anampigia daktari kwanza.

Jumamosi atapanda basi kwenda mji wa Artigas kwa kaka yao, Wáshington, ambaye siku hizi anahema akipanda ngazi na kusema ni uzee tu.

"Hajui kama nakwenda," anasema Nélida. "Nitamkokota kwa sikio hadi hospitali. Akinuna, na anune. Mtu aliye hai ndiye anayenuna."